Mlango Usio na Kufuli Kule Milimani Japani

Hayes, Jumapili jioni

Mama,

Sianzi kwa kukuuliza hali, maana nakusikia huko juu ukitembea, ukifungua begi na kulifunga tena. Mambo ya dawa, ya fulana za ndani, ya kutunza pasipoti, mama yako amekwisha kukuambia yote, na mengine amekuambia mara mbili. Mimi hayo nayapita. Jua bado linawaka juu ya mapaa ya jirani ingawa tumeshakula chakula cha usiku, na ndege zinashuka moja nyuma ya nyingine kama kawaida yao. Kesho asubuhi mojawapo itapanda na wewe ndani.

Nakuita mama kwa sababu jina lako, Atupele, ni la mama yangu mzazi. Ulipokuwa mdogo ulidhani ni utani. Ukaja kuzoea, na siku hizi nikikuita hivyo mbele ya rafiki zako huoni haya. Nashukuru kwa hilo.

Nataka kukuandikia habari ya malazi. Najua utacheka. Tangu majira ya baridi meza yetu haina nafasi ya sahani kwa ajili ya ramani zako za Japani, na tulichobishana si ndege wala ile kazi ya ualimu utakayoianza huko ukimaliza kuzunguka. Tulibishana mahali pa kulala. Wewe na rafiki yako Furaha, wasichana wawili ndani ya gari dogo la kukodi, mtazunguka milima ya kile kisiwa, Shikoku, kuangalia nyumba za zamani zenye paa za nyasi, na kila jioni mtatafuta pa kulala pa bei nafuu. Nilipokuambia mnaweza kulala hoteli za mjini ukanitazama kwa huruma. Hoteli za mjini hamziwezi, na hata mngeziweza msingezitaka.

Ulinifundisha mengi usiyojua kwamba ulinifundisha. Mimi nilidhani Japani ni taa na treni za kasi. Ukaniketisha mbele ya kompyuta ya maktaba ukanionyesha bonde lenye kina kirefu kiasi kwamba jua linafika chini asubuhi ikiwa imeshachoka. Ukanionyesha daraja lililosukwa kwa mimea ya msituni, watu wanalivuka wakishika pembeni kwa mikono miwili. Ukanieleza kwamba kuna familia zinazopokea wageni ndani ya nyumba zao wenyewe, wanakula pamoja na kulala chumba cha pili, na nyumba hizo zinaitwa minshuku. Kuna mahekalu yanayomlaza mpita njia. Kuna vituo vya kupumzikia kando ya barabara ambapo mtu anaweza kulala ndani ya gari lake na hakuna anayemgongea kioo. Na kwenye kisiwa hichohicho kuna wenyeji ambao wakimwona mtu anazunguka mahekalu kwa miguu wanampa chungwa, au wanamfungulia kibanda alale bure, kisha wao ndio wanaoshukuru. Hilo la kushukuru lilinifanya nivue miwani. Nilikaa pale maktaba nikiitazama picha ya kibanda kitupu chenye godoro lililokunjwa vizuri.

Ndiyo sababu ulishangaa Jumamosi iliyofuata. Ulikuwa unaandika faksi ya kwanza ya kuomba malazi, kwa Kijapani chako cha masomo ya jioni, nami nikasimama nyuma yako nikasema, "Ongeza hapo kwamba nyinyi ni Waafrika."

Ukaniuliza kwa Kiingereza, kama unavyonijibu siku zote, kwa nini.

"Ili kama hawataki, wakatae mkiwa bado huku," nikasema. "Msije mkakataliwa mkiwa mlangoni kwao na giza linaingia."

Ukaweka kalamu chini. Ukasema kwa Kiswahili, jambo ambalo hulifanyi ila umeumia, "Baba, siwezi kuwaonya watu kwamba nakuja mimi."

Nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Sikukujibu siku ile, wala siku zilizofuata. Jibu langu lilikuwa refu na halikuwa la kusemwa kwa kusimama. Hili hapa.

Nilifika London mwanzoni mwa miaka ya tisini, wewe ukiwa Tukuyu unafukuza kuku wa bibi yako. Nilikuja kusomea uhasibu. Binamu yangu aliyekuwa anipokee alikuwa amehamia mji mwingine wiki hiyohiyo, na jirani yake ndiye aliyenipa habari hizo, kupitia upenyo wa mlango uliofungwa mnyororo kwa ndani.

Chumba cha kwanza nilikipata upesi mno. Kilikuwa na kitanda kimoja, na mwenye nyumba akaniambia kitanda hicho ni changu kuanzia jioni hadi asubuhi. Mchana kilikuwa cha mtu mwingine, aliyefanya kazi usiku kwenye kiwanda cha mikate. Nikakubali kwa sababu ya bei. Tulipishana kwenye ngazi, yeye anapanda na harufu ya unga, mimi nashuka na madaftari ya shule. Nililala kwenye joto lake naye akalala kwenye langu. Tulisalimiana kwa kichwa, basi.

Baridi ilipokaza, yule jamaa akaugua. Nikarudi jioni nikamkuta bado kitandani, anatetemeka. Nikalala sakafuni, na kesho yake tena. Mwenye nyumba alipojua akasema mgonjwa aondoke, yeye hataki matatizo ya kuita madaktari. Sijui nilipata wapi ujasiri, maana nilikuwa mtu wa kunyamaza, lakini nilisema akitoka yeye na mimi natoka. Mwenye nyumba akasema sawa, tokeni wote. Nikambebea begi mpaka kituo cha mabasi, alikuwa na ndugu zake Coventry, na pale kituoni ndipo tulipoulizana majina. Aliitwa Tesfaye. Alikuwa mwalimu wa fizikia kwao. Miezi yote ile nimelala kitanda kimoja na mwalimu wa fizikia bila kumuuliza hata habari za kazi.

Nikiulizwa leo kuhusu malazi ya bei nafuu, hilo ndilo ninalolijua. Nilipofika kwenye ile nyumba nilikitazama kitanda, nikatazama dirisha na jiko, nikauliza bei. Aliyenifungulia mlango sikumtazama, na yeye hakunitazama. Ningemtazama ningejua kila kitu kabla sijavua koti.

Baada ya hapo nikaanza kutafuta kwa kadi za matangazo ya vyumba, zile ambazo watu walibandika kwenye vioo vya maduka ya magazeti. Nilipiga simu, nikaambiwa kipo, njoo. Nikaenda. Mlango ukafunguka, uso ukanitazama, na sauti ileile ya kwenye simu ikasema samahani, kimechukuliwa sasa hivi. Mara ya kwanza niliamini. Mara ya pili pia niliamini. Kisha nikapita tena kwenye duka nikaiona kadi bado ipo, na kesho yake ipo, na juma lililofuata mtu ameibandika upya kwa gundi mpya.

Nikabuni dawa yangu. Nikipiga simu nilianza kwa kusema, "Natafuta chumba, mimi ni Mwafrika." Wengine walikata. Wengine walisema asante kwa kuniambia. Hao wa asante ndio walioniumiza zaidi, kwa sababu walisema kwa upole, kama vile nimewasaidia kazi. Lakini dawa ilifanya kazi. Nauli ya basi nikaiokoa, na miguu, na zile nyuso. Nikajiona mjanja.

Halafu siku moja ya mvua nikapiga namba ya kadi moja, ya mtaa wa Queensbury. Nilikuwa kwenye kibanda cha simu karibu na stesheni. Mwanamke akapokea, nami nikasema maneno yangu, nikaongeza kwamba natoka Tanzania. Upande wa pili kimya. Nikaanza kuondoa simu sikioni.

"Tanzania sehemu gani?" akauliza. Kwa Kiswahili.

Mama, sijui nikueleze vipi. Magari yanapita, mvua inapiga vioo vya kibanda, na kutoka ndani ya ule waya inatoka lugha niliyoimba nayo shule, niliyomtongozea mama yako. Nilisahau natoka wapi. 

"Tukuyu," nikasema mwishowe.

"Huko baridi," akasema. "Sisi watu wa Mwanza. Umekula?"

Huyo ndiye Mama Dinesh. Unamkumbuka, ingawa unamkumbuka zaidi kwa chapati zake za sukari guru. Alinifungulia mlango akiwa amevaa sari na juu yake sweta la mumewe, akanitazama usoni, akanitazama viatu vilivyolowa, akasema niviweke karibu na hita. Mumewe alikuwa jikoni. Wakazungumza kwa Kigujarati kwa muda, sauti ya mume ikipanda, ya mke ikibaki palepale. Kisha mzee akatoka akaniuliza kwa Kiswahili kama nakula nyama.

"Nakula," nikasema.

"Humu haiingii."

"Sawa."

"Ukila nje, kula nje. Usituletee harufu."

"Sawa, mzee."

Akarudi jikoni, na jambo likaisha. Mama Dinesh akanipa ufunguo wa mlango wa mbele kabla hajajua jina la baba yangu. Chumba kilikuwa cha mwanawe Dinesh, aliyehamia Kanada, bado kina vitabu vyake vya shule. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikiwa nimeushika ule ufunguo, na nakumbuka niliuona mzito. Nyumba nzima, sahani zao, miungu yao kwenye kabati la sebuleni, binti yao mdogo chumba cha pili, na mtu wa simu ana ufunguo.

Nilikaa mwaka na zaidi kabla ya kumuuliza. Wewe na mama yako mlikuwa mmeshafika, mzee amekubali bila maneno mengi tuongezeke tuwe watatu, na wewe ulikuwa sakafuni unamvalisha mwanasesere soksi ya Dinesh. Nikamuuliza kwa nini alinipa ufunguo siku ileile.

 Akanisimulia walivyoondoka Mwanza na masanduku yao, na usiku wao wa kwanza Uingereza. Walilazwa kwa mwanamke mmoja Mwingereza ambaye hawakumjua, na yule mwanamke akaweka chupa za mpira zenye maji ya moto ndani ya vitanda vyao. "Mimi sijawahi kuona kitu kile," akasema. "Nilidhani amesahau vitu vyake kitandani. Nikazichukua zote nikamrudishia mlangoni kwake. Akacheka, akazirudisha. Mimi nikampelekea tena." Akacheka mpaka akafuta macho kwa pindo la sari. "Hatukuwa na lugha. Mpaka asubuhi nilijua huyu mtu ameniwekea joto."

Nikamwambia basi nilifanya vizuri kusema kwenye simu kwamba natoka Tanzania, nisingesema tusingekutana. Akanishangaa.

"Mimi nilikujua kwenye helo," akasema. "Helo ile ya nyumbani. Hayo mengine nilikusikiliza tu unavyojisumbua."

Sikulipenda jibu lile. Nililiweka kando miaka mingi. Nilipenda zaidi kuamini kwamba dawa yangu ndiyo iliyonipatia nyumba, nikaendelea kuitumia. Niliitumia nilipoomba kazi, nilipomwandikisha mtoto shule, nilipopiga simu kwa fundi wa bomba. Hata tuliponunua nyumba hii niliwaambia majirani wa pande zote mbili mapema kwamba sisi ni watu wa kutulia. Hakuna aliyeniuliza. Kuna mtu mmoja alinifungia mlango wake wakati ule, sura yake hata siikumbuki vizuri, na mimi nikaung'oa ule mlango nikatembea nao mgongoni, nikawa nausimamisha mbele ya kila nyumba kabla sijabisha. Kosa langu kubwa la maisha ya huku ni hilo. Ulipoweka kalamu chini na kuniambia huwezi kuwaonya watu kwamba unakuja wewe, niliona ule mlango, na niliona nilikuwa nataka kukukabidhi.

Kwa hiyo sikusema tena. Nikaanza kukutazama tu.

Nilikutazama faksi zilipoanza kujibiwa. Nyumba moja imejaa. Nyingine imefungwa, mwenyewe amezeeka. Hekalu moja likasema karibuni, ila mwamke alfajiri kusali na kufagia, na Furaha, ambaye kwao Barking anaamshwa kwa kupigiwa sufuria, akasema kwa Mungu yeyote hafagii alfajiri, kisha akakubali. Nafasi zikajaa moja baada ya moja kwenye ramani, ukazitia nukta nyekundu. Kukabaki usiku mmoja mtupu, katikati kabisa ya safari, kwenye lile bonde lenye daraja la mimea. Furaha akasema mtalala garini. Mama yako akasema hamtalala garini. Ukatafuta ukapata namba ya simu ya minshuku moja kwenye kijitabu cha zamani, haina faksi iliyotajwa, haina intaneti, namba tu.

Ukapiga alfajiri, kwa sababu ya saa za huko. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi navaa buti za kazini. Ulisema sentensi moja kwa Kiingereza, ukasikiliza, ukashusha simu.

"Anasema hawezi Kiingereza," ukaniambia. "Amekata."

Nilikuwa na neno kwenye ulimi, mama, na neno hilo lilikuwa "nilikuambia." Namshukuru Mungu sikulitoa, maana wewe hukungoja. Ukapiga tena palepale. Safari hii ukazungumza Kijapani kitupu, polepole, kwa sauti ya mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa, ukikosea na kurudia, mkono wako mmoja unachora hewani. Kisha nikasikia kitu ambacho sikukitarajia. Nilisikia mtu anacheka ndani ya simu, kicheko cha mwanamke mzee, kikafika mpaka kwenye ngazi nilipokaa.

"Umemwambia nini?" nikauliza ulipomaliza.

"Nimemwambia Kiingereza tutakiacha London," ukasema.

Basi langu lilikuwa limeshapita. Nikatembea mpaka kazini, nikachelewa, na sikujali. Siku ile kwenye ghala yalikuja masanduku kutoka Osaka, Japani, yaleyale ninayoyasukuma miaka yote, yenye maandishi ambayo sijawahi kuyatazama zaidi ya kuangalia upande wa juu ni upi. Nikasimama nikayatazama. Kila alama mtu ameichora kwa mpangilio wake, na mwanangu anaisoma. Msimamizi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nasoma.

Yule bibi wa kwenye simu, Bi Hamada, alikuwa anatumia faksi ya jirani. Ukaniomba niyachukue majibu yake kwenye duka la karibu na stesheni nikitoka kazini. Nilidhani nitakuta karatasi moja ya bei. Nikakuta kurasa tatu, na nyingi ni michoro. Amechora barabara nzima kutoka kwenye daraja, kila kona. Amechora mashamba ya chai yaliyoning'inia mlimani. Amechora mashine ya kuuza soda iliyosimama peke yake msituni na taa yake, hapo pindeni kushoto. Amechora mbwa, na wewe ukanitafsiria maneno ya chini ya mbwa: haumi, anapenda kelele tu. Chini kabisa ameandika, mkipotea simameni popote, nitawafuata na gari langu jeupe.

Nilizisoma zile karatasi ndani ya basi kama mtu aliyepewa picha za mwezini. Mwanamke wa milimani, ambaye hajawahi kumwona yeyote kati yetu, amekaa chini na kalamu na kukumbuka kila kona ya barabara yake kwa niaba ya mgeni.

Halafu maswali yake. Mnakula samaki wa mtoni? Mna urefu gani, kwa sababu magodoro yangu ni ya watu wafupi, nikijua nitaunganisha mawili. Na la mwisho hakuliuliza, aliliombea radhi: mlango wa chumba chenu ni wa karatasi na mbao, hauna kufuli, samahani.

Hapo nilipandisha sauti. Nilisema haiwezekani, wasichana wawili, milimani, mlango wa karatasi. Mama yako alikuwa anakunja sare yake ya kazi. Hakuinua hata kichwa.

"Kwenu Tukuyu mlikuwa na kufuli?" akauliza.

Nikafikiri. Jikoni kwetu hakukuwa na mlango wenyewe. Wageni walilala kwa mama yangu, wauza viazi, wahubiri, mtu na mkewe waliokuwa wanapeleka mgonjwa hospitali, na hatukujua majina ya nusu yao. Niliona yote hayo kwa mara moja, sebule ile imejaa miguu ya watu waliolala, na mimi mtoto nairuka. Sikuwa nimeyakumbuka tangu niondoke. Nilikuja London nikajifunza kuogopa milango, nikasahau kwamba nimekulia kwenye nyumba isiyo na kufuli.  Wewe ukaandika urefu wenu.

Kisha ukafanya jambo lako mwenyewe. Ulichukua picha yenu, wewe na Furaha kwenye bustani, mnacheka, nywele zenu zimesimama kwa upepo, ukaitia kwenye bahasha. Ukaona ninavyokutazama.

"Si onyo, Baba," ukasema. "Yeye amenichorea mbwa wake."

Ukaituma kwa posta. Na tangu hapo kimya.

Sasa nikuambie usichokijua. Kila siku nikitoka kazini nilipita kwenye lile duka kuuliza kama kuna faksi ya Japani. Mwenye duka alifika mahali pa kutikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Wewe hukuonekana kuwa na wasiwasi, ulisema posta ni posta. Mimi nililala nikiuona ule mlango wa karatasi unafungwa. Nilijiambia atasema kimechukuliwa sasa hivi, atasema kwa upole, na mwanangu atakuwa bondeni na usiku unaingia. Nilijua nimeshaamua kutokubebesha mlango wangu, lakini mwenyewe sikuwa nimeutua.

Leo mchana ulipotoka na Furaha kununua plagi za umeme, simu ya mezani ikalia. Nikapokea. Sauti ya mwanamke mzee ikasema maneno marefu ambayo sikuelewa hata moja, na mwisho wake ikataja jina lako kwa matamshi ya kwao, "Atupere."

Nikasema ndiyo. Nilisema hivyo, ndiyo, kwa Kiswahili, sijui kwa nini. Nikasema mimi baba yake. Akasema mengine. Nikasikia "Furaha," akalitamka vizuri kuliko Waingereza. Akasema neno moja, akalirudia, "kirei, kirei," na akacheka kile kicheko nilichokisikia kwenye ngazi. Nikaanza kumwelezea kwamba mmetoka, kwamba kesho mnapanda ndege, kwamba Furaha ndiye dereva lakini wewe ndiye unayesoma ramani, kwamba samaki mnakula. Yote kwa Kiswahili. Naye akanisikiliza mpaka mwisho, akijibu kwa sauti ya mtu anayeelewa, na zamu yake ilipofika akasema yake nami nikamsikiliza hivyohivyo. Sikumbuki mara ya mwisho nilipozungumza na mtu nisiyemjua bila kumweleza kwanza mimi ni nani. Mama yako alinikuta kwenye korido nimeinamisha kichwa na mgongo, simu iko sikioni, naaga ukuta.

Kabla hajakata alisema neno la mwisho taratibu, kama anamfundisha mtoto, na akaningoja nilirudie. Nikalirudia. Nililiandika kwenye kiganja nilivyolisikia, matemasu. Kisha nikapanda chumbani kwako, nikachukua kamusi yako ndogo iliyokuwa juu ya begi, usinikasirikie, nikakaa kitandani kwako nikalitafuta. Ilinichukua muda mrefu kwa sababu sijui kuandika wanavyoandika. Lile la kwanza nililipata upesi, kirei, maana yake nzuri, au safi, kamusi inasema yote mawili. Hili la pili nilikaribia kukata tamaa, kisha nikaliona.

Maana yake nangoja.

Uliporudi nilitaka kukuambia palepale mlangoni, nikashindwa. Ndipo nikatafuta karatasi. Ameiona picha, mama, na amepiga simu kutoka mwisho ule wa dunia, usiku kwake, kusema anawangoja.

Baba yako